Uchambuzi wa kisa: kioo cha helmeti, usubi wa ziwani na kitambaa chenye petroli

Kisa hiki ni cha dereva mmoja wa bodaboda jijini Mwanza, anayefanya kazi kwenye barabara inayotoka mjini, ikapita uwanja wa ndege na kuelekea mialo ya Ilemela, yaani fukwe ambako mitumbwi ya uvuvi hushusha samaki. Jina lake, kijiwe chake na mwalo anaopeleka abiria nimeviondoa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Aliridhia kisa chake kiandikwe ili madereva wenzake wakisome.

Nafundisha madereva wa pikipiki usalama barabarani. Nimekiandika kwa kirefu kwa sababu kinagusa jambo ambalo mafunzo yetu hulipita. Tunamwambia dereva avae helmeti, tunamwonyesha namna ya kuifunga, basi. Hatumwambii afanye nini kioo chake kikijaa wadudu saa kumi alfajiri, wakati mbele bado kuna giza na nyuma amebeba mtu.

Mazingira ya kazi yake

Abiria wake wakubwa ni akina mama wanaonunua dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri pale mwezi usipokuwepo. Kwa hiyo kazi ya mwaloni hufuata mwezi: siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika, siku za giza hutoka, na wanunuzi hutaka kuwa ufukweni kabla mitumbwi haijarudi. Dereva huyu alikuwa akiondoka mjini kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, na siku za giza ndizo zilizompa hela ya mwezi mzima.

Usubi wa ziwani nao hufuata mwezi. Wadudu hawa huanza maisha yao wakiwa mabuu kwenye tope la chini ya ziwa, kisha hupanda juu na kutoka na mabawa kwa wakati mmoja, mamilioni kwa mamilioni. Makundi makubwa huonekana hasa siku zilizo karibu na mwezi mwandamo. Mchana, ukiwa kwenye mwinuko wowote unaotazama ziwa, utaliona wingu lao limesimama juu ya maji kama moshi. Upepo ukigeukia nchi kavu, wingu hilo linaingia barabarani. Hawaumi, na maisha yao ya mabawa ni mafupi sana. Lakini miili yao ni laini na ina mafuta, kiasi kwamba kuna watu wa kandokando ya ziwa wanaowakusanya na kuwakanda kuwa mikate ya kuliwa. Mafuta hayo ndiyo yatakayomsumbua dereva wetu.

Usiku wenye abiria wengi, basi, ndio usiku wenye wadudu wengi. Dereva wa njia hii hawezi kuambiwa akae nyumbani mpaka wapungue; wakipungua wao, na dagaa wamepungua.

Kuhusu vifaa: alikuwa ametoka kununua helmeti ya kufunika uso mzima, yenye kioo cheupe. Kwa miaka mingi kabla ya hapo alivaa ile ya nusu kichwa isiyo na kioo. Pikipiki yake ilikuwa na taa mbili nyeupe za ziada alizofungiwa na fundi, kali kuliko taa ya kiwandani.

Usiku wa kwanza wa wadudu

Alikutana na kundi la usubi kwenye kipande cha barabara kilicho karibu na maji. Kwa maelezo yake, kioo kilijaa kabla hajafikiria la kufanya. Mkono ulitangulia: alifuta kwa mgongo wa glavu huku pikipiki inaendelea. Wadudu wakapasuka, na mafuta yao yakatandaa kioo kizima. Lori lililokuja mbele lilipomulika, mwanga ukasambaa usoni pote na hakuona tena ukingo wa lami.

Akapunguza mwendo, akasimama pembeni. Alichomwambia abiria nakinukuu kama alivyonieleza, kwa sababu nakiona ni sehemu nzuri kuliko zote za kisa hiki: "Mama, sioni. Naomba tusimame kidogo." Abiria akamjibu, "Futa, baba, lakini nisije nikaukosa mtumbwi."

Hakuwa na maji. Alivua helmeti akafuta kwa pindo la fulana, kavu kwa kavu. Fulana ilikuwa na vumbi la siku nzima. Kioo kilibaki na michirizi, akakifungua chote, akamaliza safari kwa mwendo wa pole huku amekunja macho.

Ushauri wa kijiweni

Asubuhi aliporudi, dereva mwenzake mwenye umri mkubwa alimpa dawa: "Chovya kitambaa kwenye petroli kidogo, upanguse. Hakuna mdudu atakayebaki." Alijaribu hapo hapo, na kweli, mafuta ya wadudu yaliyeyuka mara moja na kioo kikang'aa.

Msomaji asimdharau kwa kuukubali ushauri huo. Petroli ilikuwa kwenye tangi lake saa zote, maji hayakuwepo. Ilifanya kazi kwa sekunde chache, na abiria wa alfajiri hana subira. Aliyemshauri ni mtu aliyemheshimu, aliyekuwa akisafishia petroli mnyororo na mikono yake kwa miaka bila kuona baya lolote. Na madhara hayakuonekana siku hiyo wala wiki hiyo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeirudia, naye aliirudia kila msimu wa giza ulipofika. Alifuta nje, kisha akaanza kufuta na ndani. Kila alipopeleka pikipiki kuoshwa, kijana wa kuosha aliisugua helmeti kwa sabuni ya unga na brashi ile ile iliyosugua matairi.

Kioo kinavyoharibika

Dalili ya kwanza ilikuwa ukungu usiotoka hata kioo kikiwa safi. Mchana hakuuona. Usiku, kila taa iliyokuja mbele ilikuwa na duara la mwanga kuizunguka. Baadaye ilitokea mistari myembamba sana, kama nywele, ikianzia kwenye matundu ambayo skrubu hukishikia kioo pembeni na kuelekea katikati. Upande wa ndani, utando unaozuia mvuke wa pumzi ulianza kubanduka vipande vipande.

Fundi mmoja alimwambia apake dawa ya meno na kusugua kwa mviringo. Mchana kioo kilionekana kimepata nafuu. Usiku kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu dawa ya meno ina chembe za kusugulia, na chembe hizo zilichonga maelfu ya mikwaruzo midogo mahali palipokuwa na mikubwa michache.

Hapo akafanya uamuzi ambao naamini madereva wengi wa ukanda wa ziwa wameshaufanya: akaanza kuendesha usiku kioo kikiwa kimefunguliwa.

Asubuhi ya ajali

Mdudu aliingia jicho la kushoto. Jicho moja likiguswa hivyo, yote mawili hufumba yenyewe. Hakuna anayeweza kulizuia hilo. Alitoa mkono mmoja kwenye usukani kufikicha. Pikipiki ikatoka kwenye lami, ikashuka kwenye changarawe, ikalala. Mwendo ulikuwa mdogo. Abiria alichubuka goti na kiwiko. Dereva aliteguka kifundo cha mkono.

Jicho ndilo lililochukua muda. Alikuwa ameendelea kulifikicha baada ya kuanguka, na miguu ya mdudu pamoja na vumbi vilikwaruza ngozi angavu ya mbele ya jicho. Kituo cha afya waliliosha kwa maji safi ya dawa, wakampa dawa ya matone na kumkataza kuendesha mpaka lipone. Siku zile za mapumziko ziliangukia katikati ya giza, yaani katikati ya msimu wa kazi.

Maamuzi yaliyofuata

Nilikutana naye wakati huo, jicho likiwa bado jekundu. Wazo lake la kwanza lilikuwa kurudi kwenye helmeti ya nusu kichwa, kwa hoja kwamba kioo kimemletea shida tu. Tulizungumza sana juu ya hilo. Aliyemwingiza mdudu jichoni ni kioo kilichofunguliwa, na kilifunguliwa kwa sababu kilikuwa kimeharibiwa na namna ya kukisafisha. Alikubali kununua kioo kipya cha helmeti ile ile, ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na helmeti nzima.

Dukani alionyeshwa kioo cheusi, akavutiwa nacho kwa sababu mikwaruzo haionekani haraka. Nilimshauri akikatae, akakikataa. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa kuhusu helmeti inataka kioo cha kutumika usiku kipitishe angalau asilimia 80 ya mwanga. Cheusi ni cha jua kali peke yake, na mtu anayeishi kwa safari za saa kumi alfajiri hana kazi nacho.

Kisha tukapanga usafi, na hapa nitaeleza polepole, maana ndipo kisa kilipogeukia.

Kwenye begi lake la kifuani sasa kuna chupa ndogo ya maji safi na vitambaa viwili laini vya maikrofaiba, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa plastiki ili visiokote mchanga. Kioo kikijaa, anasimama mahali salama na kumwagia maji kwanza, bila kugusa, ili vumbi lishuke. Halafu analowesha kitambaa cha kwanza chapachapa, anakilaza juu ya kioo, na anakiacha. Kukiacha huko ndiko kunakofanya kazi. Mdudu aliyekauka ameshikwa na majimaji ya mwili wake mwenyewe, na yakipata maji ya kutosha na muda yanalainika na kuachia. Njiani dakika tano zinatosha kwa wadudu waliogonga muda huo huo. Kitambaa kinavutwa kutoka juu kwenda chini bila kukandamiza, kinageuzwa upande safi, kinavutwa tena. Kioo kinasuuzwa, kisha kitambaa cha pili kinagusishwa kunyonya maji bila kusugua.

Nyumbani anafanya hivyo hivyo kwa utulivu zaidi. Anachomoa kioo kwenye helmeti, anatia tone moja la sabuni ya maji ya vyombo kwenye maji ya uvuguvugu, na kitambaa kinakaa robo saa. Waliobaki kwenye kingo anawarudia kwa kitambaa chenye maji tena, hawakwangui kwa kucha. Upande wa ndani hauguswi na sabuni: maji matupu, kitambaa laini, kisha unaachwa ukauke kivulini. Utando wa kuzuia mvuke ni laini kuliko upande wa nje na ukishatoka haurudi. Alichokiacha kabisa ni kuahirisha. Akirudi saa moja asubuhi na kuitundika helmeti juani mpaka jioni, wadudu wale wale wanaotoka kwa maji ya dakika tano wanakuwa wameokwa, na mkono unaanza kutamani brashi.

Taa za ziada nazo alizizima kwenye kipande cha karibu na maji. Mwanga mweupe mkali huwavuta wadudu kuliko wa manjano, na taa zake mbili zilikuwa zinawaita mbele ya uso wake. Taa ya kiwandani inamtosha kwa mwendo anaokwenda hapo, ambao sasa ni mdogo kuliko zamani.

Jambo la mwisho alilipanga mwenyewe, mimi sikuwa nimelifikiria. Siku za giza, kabla abiria hajapanda, anamwambia: "Mama, leo wadudu ni wengi, tutasimama mara moja nisafishe kioo. Tuondoke mapema kidogo." Akina mama walikubali bila ubishi. Wengi wao walikuwa wamefunika nyuso kwa khanga njia nzima kwa sababu ya wadudu hao hao.

Matokeo

Kioo kipya kimepita misimu kadhaa ya giza bila ukungu na bila mistari kwenye matundu ya skrubu. Kina mikwaruzo michache, ambayo kifaa cha kazi lazima kiipate. Anaendesha usiku kioo kikiwa kimefungwa. Jicho lilipona. Abiria yule aliyeanguka naye bado anasafiri naye, na kwangu hilo ni ushahidi mzito.

Kijiweni mambo yamebadilika nusu. Vijana wamechukua chupa ya maji, na baadhi wamenunua vitambaa. Yule mzee bado anatumia petroli kwenye helmeti yake.

Uchambuzi

Tuanze na plastiki yenyewe, kwa sababu bila kuielewa mtu atabadilisha petroli kwa kitu kingine kibaya vilevile. Vioo vya helmeti kwa kawaida ni vya polikaboneti. Ni plastiki yenye nguvu ya ajabu dhidi ya kugongwa: jiwe lililorushwa na gari hulizuia bila kupasuka. Udhaifu wake ni kwamba hukwaruzika kirahisi, ndiyo maana kiwandani hupakwa utando mwembamba mgumu. Utando huo ukiondoka, kilichobaki chini hakiwezi kustahimili hata pindo la fulana.

Na pindo la fulana la Mwanza si pindo tupu. Miamba yetu ni matale, yaani graniti. Ikimomonyoka hutoa mchanga wenye madini ya kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko plastiki yoyote ya kioo cha helmeti. Vumbi la barabara zetu za mitaani ndilo hilo. Kufuta kavu kwa kavu usiku wa kwanza kulianza kuharibu kioo kabla petroli haijatajwa. Kwa hiyo kumwaga maji kabla ya kugusa si utaratibu wa urembo. Hatua hiyo ndiyo inayoondoa mchanga ambao kitambaa kingeuburuta.

Petroli huharibu kwa njia nyingine. Inaingia ndani ya plastiki, na mahali ambapo plastiki imevutwa au kubanwa, hufungua nyufa. Kioo cha helmeti kimekunjwa, na kimebanwa zaidi pale kwenye skrubu. Mistari myembamba kuanzia kwenye matundu ilikuwa alama ya petroli kabisa; wadudu hawana uwezo huo. Kioo chenye mistari hiyo hakiwezi tena kuaminiwa kuzuia jiwe. Kosa hilo hilo hufanywa na tina ya rangi, asetoni, na dawa nyingi za kunyunyizia vioo vya madirisha, hasa zenye amonia. Dereva asiyetumia petroli lakini ananyunyizia dawa ya madirisha anakwenda huko huko.

Kuna sehemu moja ya kisa ambayo siridhiki nayo mpaka leo. Kitambaa cha petroli hakikuishia kwenye kioo. Kiligusa ukingo wa helmeti, mbele na pembeni, mara nyingi. Magamba ya helmeti nyingi za bei nafuu ni ya plastiki pia, na petroli huyadhoofisha bila kuacha alama inayoonekana kwa macho. Rangi ya juu inabaki iking'aa. Tena helmeti ile ilianguka naye. Kubadilisha kioo peke yake kulitatua shida ya kuona, lakini gamba lile lilipaswa kubadilishwa pia, na kwa sababu ya fedha lilikaa kichwani mwake muda mrefu kuliko nilivyotaka. Amenunua nyingine sasa. Anayesoma hili naye ameshafutia petroli helmeti yake kwa miezi, aihesabu helmeti hiyo kuwa imekwisha.

Yaliyofanya kazi yalikuwepo tangu mwanzo, na tusiyapite. Alisimama alipoacha kuona. Alimwambia abiria ukweli. Hakurudi kwenye helmeti ya nusu kichwa, ingawa kila kitu kilikuwa kinamsukuma huko. Kilichomwangusha ni pengo kati ya maamuzi hayo mazuri: hakuna aliyemwambia kabla kwamba mdudu hutolewa kwa maji na kusubiri, na aliyemfikia kwanza na jibu alikuwa na petroli mkononi. Kijiwe hufundisha haraka kuliko sisi wakufunzi. Kijiwe chenye ndoo ya maji yenye mfuniko na vitambaa safi kingekuwa kimemjibu usiku ule ule, kwa gharama ndogo kuliko safari moja ya mwaloni.

Kuhusu jicho: mdudu akiingia, simama kwanza, ndipo ushughulike na jicho. Lioshe kwa maji safi mengi, ukifumba na kufumbua. Usifikiche. Likiendelea kuuma au kuona ukungu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kuvua helmeti na kuegemea pikipiki huku unasugua ndiko kulikomwongezea siku za kukaa nyumbani.

Njia hii haibadiliki kwa wadudu wengine, isipokuwa muda. Kumbikumbi wa mvua za kwanza za vuli huacha mabawa yanayong'ang'ania. Yanatoka kwa maji tu, lakini ukiyafuta makavu yanavunjika na kujipaka. Senene, kwa wanaoendesha upande wa Bukoba, hugonga kwa kishindo na kuacha mengi zaidi, nao wanahitaji kitambaa kikae muda mrefu kuliko cha usubi.

Namna ya kujua kioo kimefikia mwisho tuliijaribu pamoja na madereva wa kijiwe chake. Kisafishe kwanza. Simama usiku mahali penye giza, utazame taa moja ya mbali kupitia kioo, kisha ukifungue utazame taa hiyo hiyo kwa macho matupu. Ikiwa kupitia kioo taa inatoa miale au duara la ukungu ambalo halipo ukikifungua, hakuna sabuni itakayokirudisha. Baada ya hapo kitazame karibu na skrubu ukikielekeza kwenye mwanga, utafute mistari. Dereva huyu hufanya hivyo kila mwezi, siku chache kabla giza halijaanza, ili kioo kikihitaji kubadilishwa apate nafasi ya kukitafuta mjini kabla kazi haijachanganya.